Moshi Hautolewi kwa Marashi

(Mafundisho tuliyoyatoa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, hapa Goma. Komite iliomba yaandikwe ili wale waliobaki Sake, Kibumba na Rusayo nao wayasome.)



Tunajua wengine wenu mumetoka mbali, na wengine mumeacha shamba au biashara ndogo ili mufike. Tuseme wazi tangu mwanzo: leo hatukuja na listi. Tunajua kila mara munapotuona munauliza, "Listi iko wapi?" Leo tumekuja na neno dogo ambalo linakula pesa yenu kila siku bila kelele. Ni harufu ya moshi katika vikwembe vyenu, katika nyuzi munazosukia triko, na katika vitunga munavyopeleka sokoni.

Kuna mtu atacheka: vita vyote hivi, njaa yote hii, nyinyi munakuja kutufundisha kufua nguo? Tumuelewe, lakini tumuombe asikilize. Katika kutembelea vikundi vya kushona na kusuka tumekuta mambo matatu. La kwanza, kikundi kimoja cha wamama kilikopa katika AVEC, kikanunua nyuzi za sufu, kikasuka triko za watoto wachanga. Kazi ilikuwa nzuri sana. Mfanyabiashara akaichukua mkononi, akainusa, akasema, "Hii inanuka kambi," akakata bei nusu. Bei ilikatwa, lakini deni la AVEC halikukatwa. La pili, kuna watoto wanaokataa kwenda shule, juu wenzao wanaziba pua wakiwaona. La tatu, kuna mama aliyetaka kuchoma kikwembe chake cha ndoa, akidhani kimeharibika kabisa. Kilikuwa kizima, moshi tu ndio uliokuwa umeingia ndani yake.

Kwa hiyo si neno dogo. Ni neno la pesa, la shule, na la heshima.

Harufu hii inatoka wapi?

Munakumbuka maisha ya Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo. Bashi moja, mlango mmoja, na chini ni mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, mbabula inaingia ndani. Kamba ya nguo iko juu ya mbabula, kwa sababu hakuna mahali pengine. Halafu Februari 2025, wakati kambi zilizozunguka Goma zilipobomolewa, watu walikunja vitu vyao haraka, vingine vikiwa na unyevu, wakavifunga katika mifuko, wakavibeba mgongoni au kwa chukudu. Moshi ukafungiwa mule ndani. Na mtu alipofika kwake akakuta nyumba haina paa, akaanza tena na chumba kimoja: humo analala, humo anapika, humo anatunza nyuzi zake.

Ndiyo maana tunasema kwa sauti: harufu hiyo si uchafu wa mtu. Mama anaweza kufua kila siku na bado nguo inanuka, juu anaifua kwa njia isiyofaa kwa moshi. Haifai mtoto abebe aibu ya mbabula.

Sasa muelewe adui mwenyewe. Moshi una vitu viwili ndani yake. Kuna masizi, ile vumbi nyeusi tunayoiona. Halafu kuna mvuke wenye mafuta mafuta, ambao macho hayauoni lakini pua inaujua. Mvuke huo ndio unaompa samaki wa kukaushwa kwa moto ladha yake na kumzuia asioze haraka. Unashika samaki kwa nguvu, na nguo vilevile. Maji matupu hayautoi, kama vile maji matupu hayatoi mafuta ya mawese mkononi.

Nyuzi nazo hazifanani. Pamba inanywa maji, basi inanywa na moshi, lakini inavumilia kufuliwa kwa nguvu. Sufu ni nywele za kondoo. Kila uzi una magamba madogo sana, kama vigae juu ya paa, na chini ya magamba hayo harufu inajificha. Katani na nyuzi za mgomba, zile za vitunga na mikeka, zina matundu ndani yake. Ndiyo maana munaweza kudhani harufu imeisha, halafu siku ya mvua inarudi: unyevu wa hewa unaisukuma nje ya uzi.

Tena, kabla ya kufua, mujue munachofua. Sokoni kila uzi wa kusukia unaitwa leni, lakini nyingine ni plastiki tupu. Mukate kipande kidogo, muchome kwa kiberiti juu ya sahani. Kikinuka nywele zilizoungua na majivu yakavunjika mkononi, ni sufu. Kikinuka karatasi iliyoungua, ni pamba. Kikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni uzi wa kiwandani. Leo tunaongea juu ya zile mbili za kwanza, pamoja na katani na mgomba.

Mambo matano ya kuacha

La kwanza, marashi. Ukitia marashi juu ya moshi, unapata harufu mbili. Mnunuzi akinusa marashi makali anajiuliza unaficha nini.

La pili, pasi. Musipige pasi wala musikaushe karibu na moto kabla harufu haijatoka. Joto linayapikia yale mafuta ndani ya uzi, na baadaye ni vigumu zaidi kuyatoa.

La tatu, kuloweka nguo yenye masizi bila kuikung'uta. Masizi yakishika maji yanakuwa kama rangi, yanaingia ndani zaidi. Kwanza ikung'utwe ikiwa kavu, na tena kwa upole. Ukiisugua, umeyapaka wewe mwenyewe.

La nne, javeli. Inakula rangi ya kikwembe. Sufu ndiyo mbaya zaidi: javeli inaila mpaka inayeyuka. Na hapa musikilize vizuri sana: musichanganye javeli na siki hata siku moja, hata kidogo. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Katika nyumba ya chumba kimoja, ni hatari kubwa kwa mtoto.

La tano, maji ya majivu juu ya sufu. Bibi zetu walifua pamba nyeupe kwa maji ya majivu, na walikuwa na akili. Lakini maji hayo ni makali, sufu inakuwa ngumu na kukatika.

Njia yenyewe: hewa, sabuni, siki

Muyashike maneno haya matatu kwa mpangilio wake: hewa, sabuni, siki. Mpangilio ni muhimu.

Tuanze na vikwembe na nguo zote za pamba. Muzikung'ute nje, halafu muzitundike kwenye upepo siku moja au mbili, mbali na mbabula yenu na ya jirani. Jioni ziingizwe ndani zisipate umande. Upepo unafanya kazi bure, musiudharau. Sehemu ya moshi itaondoka kabla hamjatumia hata tone la maji.

Kisha muloweke. Katika maji lita 10 mutie vijiko vinne vya mezani vya bikarbonati, ile poda nyeupe ambayo wengine wanatia katika maharage yaive upesi. Nguo ilale humo usiku mzima. Kama rangi ni mpya, kwanza mulowanishe pembe moja na kuikandamiza kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua rangi, nguo hiyo ifuliwe peke yake, na isilowekwe muda mrefu. Asubuhi mufue kwa sabuni na maji ya vuguvugu, musuuze mara tatu.

Hapo tunafika kwenye maji yetu ya Goma. Munajua wenyewe kwamba sabuni haitoi povu vizuri katika maji ya Ziwa Kivu, na kwamba inaacha utando mweupe. Hilo si kosa la sabuni. Maji ya ziwa hili yana magnesiamu nyingi na yana ukali wa aina ya majivu, na hata maji mengi ya robine hapa mjini yanatoka ziwani humohumo. Ule utando unashika kwenye nguo, na chini yake moshi unabaki. Kwa hiyo suuza ya mwisho iwe na siki, ile tunaita vinegre: nusu glasi katika lita 5 za maji, kwa dakika 15. Siki inavunja utando na kulainisha uzi. Harufu ya siki yenyewe itaisha nguo ikikauka.

Ukiwa na maji ya mvua, ni bora zaidi kufulia. Lakini muache mvua ya kwanza ioshe paa, juu paa zetu zina masizi na vumbi la volkano. Ile inayofuata ndiyo mukinge.

Nguo ikiwa bado na maji, muinuse. Kama moshi bado uko, murudie kuloweka. Musianike juani mukisema itatoka yenyewe.

Sasa sufu, ambayo ndiyo pesa ya kikundi. Munakumbuka tulisema ni nywele. Basi muioshe kama munavyoosha nywele za mtoto mchanga. Uzi ulio katika bumba usioshwe hivyohivyo. Maji yataosha nje, katikati moshi utabaki. Muufungue, muuzungushe kwenye mgongo wa kiti au kwenye mikono ya mwenzako, mufunge kwa kamba laini mahali pane ili usijitatanishe. Mutundike kwenye upepo na kivuli siku mbili au tatu.

Kisha maji ya vuguvugu, ambayo mkono hausikii joto wala baridi, na sabuni laini ya nywele kidogo tu. Uzi uzamishwe, ukae dakika 20 au 30. Musisugue. Musikamue kwa kuzungusha. Musitoe kwenye maji ya moto kwenda kwenye maji ya baridi. Sufu ikisuguliwa na kushtuliwa kwa joto, yale magamba yanashikana, na triko ya mtoto wa mwaka mmoja inakuwa ya mtoto wa siku moja. Maji ya kusuuza yawe na joto lilelile. Suuza ya mwisho ni siki, nusu glasi kwa lita 5, na hapo si ya kuruka, juu sufu haipendi ukali wa maji ya ziwa. Muibonyeze ndani ya kitambaa kikavu, muilaze au muitundike kivulini. Jua kali la mchana linaifanya sufu iwe ya manjano.

Kama baada ya kukauka bado kuna harufu kidogo, tunatumia makala. Ndiyo, makala yaleyale! Makala mapya, makavu, yasiyowashwa, yana matundu madogo sana yanayokamata harufu. Muyavunje vipande, muyafunge katika kitambaa kinene ili yasipake weusi, muyaweke chini ya ndoo yenye kifuniko. Juu yake nyuzi zilizokauka kabisa. Mufunge siku tatu mpaka juma moja. Wanaouliza kama majivu yanafaa: hapana, majivu hayafai.

Vitunga na mikeka ya katani au mgomba isilowekwe, itapinda na kuota ukungu. Muikung'ute, muipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji yenye siki kidogo, muikaushe kwenye upepo siku hiyohiyo. Halafu munyunyize bikarbonati kavu ndani yake, ilale usiku, asubuhi muikung'ute kwa brashi.

Nani atajua kama imetoka?

Si wewe. Pua inayoishi katika moshi imezoea, haiusikii tena. Mama akisema "hainuki," anasema kweli, lakini ni kweli ya pua yake. Kila kikundi kichague pua yake: mtu anayepikia nje, au jirani asiyekuwa katika kazi hiyo. Triko ifungwe katika mfuko safi wa plastiki saa moja mahali penye joto kidogo, kisha huyo mtu afungue na kunusa. Akikunja uso, triko haiendi sokoni. Na asikasirikiwe, analinda jina la kikundi.

Tuseme pia jambo ambalo mama mmoja mzee alituambia. Alisema kikwembe kimoja hatakifua, kwa sababu kina moshi wa jiko lake la zamani kule kijijini, na watu waliokuwa wakikaa kuzunguka jiko hilo hawapo tena. Hatukuwa na jibu, na hatukutafuta. Kitu kama hicho kikunjwe peke yake, kifungwe vizuri, kitunzwe. Si kila moshi ni wa kutoa. Mwenye nguo ndiye anayeamua.

Chanzo chenyewe

Lakini ndugu zetu, tukifua asubuhi na jioni tunatundika tena juu ya mbabula, tumefanya kazi ya bure. Moshi unapanda na kukaa chini ya paa. Kwa hiyo mahali pabaya zaidi pa kutunza nyuzi ni juu, kwenye boriti. Nyuzi zikae chini, katika ndoo yenye kifuniko, na mikono inawe kabla ya kusuka.

Na kile kinachoingia katika sufu kinaingia pia katika kifua cha mtoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa kutokana na moshi wa kupikia, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 katika mwaka wa 2020, kati yao watoto zaidi ya 237,000 wasiofikisha miaka 5. Nguo inayonuka ni kama kengele inayotuambia mapafu yamekula nini. Pale panapowezekana, jiko litoke nje chini ya bashi iliyo wazi pande mbili. Kuni zikauke kabisa kabla ya kuwashwa. Na mbabula yenye makala mekundu isilale ndani na watu wakati mlango umefungwa, hata kama ni baridi ya Kibumba. Hewa yake inaua mtu usingizini bila moshi wala harufu.

Tunachoomba muamue leo

Mtu mmoja hawezi haya yote. Bidoni moja ya maji ni mzigo, na siki ni franka. Lakini chama cha kusaidiana kiliundwa kwa mambo kama haya, si kwa matanga peke yake. Tunapendekeza vitu vitatu. Kwanza, siku moja ya kufua pamoja kila mwezi, mahali penye upepo, maji na siki vikilipwa na kese. Pili, pipa moja la kukinga mvua kwa kila kikundi, pamoja na ndoo mbili zenye kifuniko. Tatu, mkopo wowote wa AVEC wa kununua nyuzi uende pamoja na ndoo ya kuzitunzia, ili deni lisiliwe na moshi.

Kitu cha nne hakigharimu franka. Walimu na wazazi waliomo humu waambie watoto wao: mwenzako akinuka moshi, umsogelee, usizibe pua. Alikuwa karibu na moto kwa sababu nje kulikuwa na mvua.

Sekretere ana daftari. Wanaokubali siku ya kufua wapite waandikishe jina, na waseme wana beseni ngapi.